Lumumba, Ufipa na Mimi

Watu wa rika langu waliokulia Dar es Salaam hawakujiunga na chama, walikikuta nyumbani. Baba yangu alikuwa kuli bandarini, mwanachama wa TANU, chama kilichopigania uhuru, tangu enzi za mikutano ya Mnazi Mmoja, na kadi yake aliihifadhi katika kasha lilelile lililokuwa na cheti cha ndoa na karatasi za kiwanja cha Magomeni. Chama kilikuwa Mtaa wa Lumumba, kilikuwa redioni, na kilikuwa kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye alijua nani amepata mgeni na nani amelala bila kula. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza mwenzake ni wa chama gani, kwa kuwa swali lenyewe halikuwa na jibu la pili.

Leo naulizwa swali hilo mara kwa mara, hasa na vijana wa kijiweni hapa Temeke, na nikiwajibu kwamba sina chama hudhani nimechoka au naogopa. Woga siku hizi si wa mtu mmoja, na kuchoka bado. Ninachotaka kukieleza ni jinsi nilivyoondoka Lumumba, yaani CCM, polepole, kwa miaka mingi, kisha nikaondoka Ufipa, yaani CHADEMA, kwa siku moja, na kwa nini naamini kwamba kuondoka kote kuwili kulitokana na jambo lilelile: vyama hivi vyote viwili vimezoea kuihesabu imani ya mwanachama kuwa mali ya viongozi, ambayo wanaweza kuihamisha, kuigawana au kuiweka rehani bila kumwuliza aliyeitoa.

Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967. Kilichoniingia moyoni si kutaifishwa kwa mabenki, jambo ambalo umri wangu haukuniruhusu kulielewa, bali yale masharti ya uongozi: kiongozi wa chama au wa serikali asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Magomeni kila aliyekuwa na nyumba alipangisha vyumba, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyosomesha watoto, kwa hiyo hata sisi wadogo tulielewa uzito wa sharti hilo la mwisho. Kiongozi alikuwa anakatazwa kile ambacho mwenye nyumba wetu alikifanya kila mwisho wa mwezi, na alikuwa amekubali kukatazwa.

Nilianza kufundisha baada ya TANU na ASP ya Zanzibar kuungana na kuzaliwa CCM, tarehe 5 Februari 1977. Miaka iliyofuata haihitaji kuelezwa kwa walioipitia, na wasioipitia hawataiamini. Vita vya Kagera viliisha, tukaambiwa tujifunge mikanda, na mikanda haikufunguliwa tena. Tulipanga foleni kwenye duka la kaya kwa ajili ya mche wa sabuni, tukala unga wa njano wa msaada ambao mjini uliitwa unga wa Yanga (sisi mashabiki wa Simba tuliuona kuwa adhabu maradufu), na mwaka 1983 tukaona vijana wasio na kitambulisho cha kazi wakikamatwa mitaani na kupelekwa mashambani kwa jina la Nguvu Kazi. Sikuacha kuamini hata wakati huo. Niliweza kuvumilia foleni kwa sababu niliamini kwamba waliotuweka kwenye foleni walikuwa wamefungwa na masharti magumu kuliko yetu, na nilipomwona mkuu wangu wa kazi akivaa kaunda suti ileile mwaka mzima sikuwa na sababu ya kuwaza vingine.

Ndiyo maana kwangu mwaka mgumu kuliko yote haukuwa wa njaa. Ulikuwa 1991. Mwezi Februari mwaka huo Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti yale: sasa mwanachama angeweza kuwa na hisa, angeweza kuwa na mshahara zaidi ya mmoja, angeweza kupangisha nyumba. Kwa kweli sina ugomvi na nyumba ya kupangisha. Baba yangu aliishia kuwa nayo. Ugomvi wangu ni jinsi jambo lenyewe lilivyofanyika. Azimio la Arusha lilipokelewa kwa matembezi nchi nzima, na tulifundishwa kulikariri darasani, nami kwa zamu yangu nikawafundisha wengine kulikariri. Azimio la Zanzibar halikuletwa shuleni, halikuletwa tawini, wala balozi hakuja kutusomea. Walioahidi walijifungulia ahadi wenyewe kwa wenyewe, na sisi tulioahidiwa tukaja kupata habari kama watu wa pembeni.

Mwaka huohuo tuliulizwa jambo kubwa zaidi, kisha jibu letu likawekwa kando. Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima na kukuta kwamba takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na asilimia 20 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, navyo vikaruhusiwa kuanzia Julai 1992. Naungana na wanaosema kwamba uamuzi huo ulikuwa sahihi, maana haki ya wachache kuwa na chama chao haipaswi kupigiwa kura na walio wengi. Hata hivyo, nimewahi kujiuliza kama demokrasia iliyotolewa kutoka juu, na watu walewale waliojifungulia ahadi mwaka mmoja kabla, haikuja na alama za vidole vyao.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, tarehe 29 Oktoba 1995, nilikuwa karani katika kituo kimoja cha kura huku Temeke. Sitasahau meza ile ya mninga tuliyoichomoa darasani, wino, muhuri, na foleni iliyozunguka uwanja wa shule, bila karatasi za kupigia kura. Saa nne, saa sita, saa nane, na wazee waliofika alfajiri wakiwa wamekaa juu ya matofali. Zilipokuja zilikuwa pungufu, na giza lilipoingia tuliazima karabai kwa muuza samaki wa jirani. Baadaye uchaguzi wa majimbo yote saba ya Dar es Salaam ulifutwa na kurudiwa tarehe 19 Novemba, wakati wapinzani wa Benjamin Mkapa wa CCM katika mbio za urais walikwishajitoa. Mkapa alipata karibu asilimia 62, na Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi karibu asilimia 28.

Niliwahi kuliona gari la Mrema likisukumwa na vijana barabarani huku injini ikiwa imezimwa, jasho likiwatiririka, wakiimba. Mrema alikuwa ametoka serikalini muda si mrefu, alikokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu. Mwaka 1996 Temeke ilimchagua kuwa mbunge katika uchaguzi mdogo, na mwaka 1999 alihamia chama cha TLP akiwaacha wenzake wa NCCR mahakamani na magazetini. Vijana wale waliosukuma gari hawakuulizwa kama nao wanahama. Nilikiona kisa hicho, nikakidharau kuwa ni ugonjwa wa chama kichanga, nikakiweka pembeni.

Kuhusu CCM, kilichomalizia kazi ni takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kumruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, na kwa miaka kadhaa tulishuhudia kitu kilichokuwa rushwa jana kikiitwa ukarimu leo, mpaka Mahakama Kuu ilipokifuta mwaka 2006. Nakumbuka mgombea mmoja, ambaye sitamtaja yeye wala chama chake, aliyegawa doti za kanga katika ua wa jirani yetu. Mama mmoja aliyeuza maandazi karibu na shule alipokea yake, akaikunjua, akaiangalia, na kuniambia: "Mwalimu, hii imefifia hata kabla ya kufuliwa." Aliivaa miaka mingi, na hakumpigia kura.

Hivyo jioni ya Jumamosi tarehe 15 Septemba 2007, nilipokwenda Mwembe Yanga, nilikuwa mtu asiye na makao. Pale ndipo Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA aliposoma majina ya watu 11 aliowaita mafisadi. Sijapata kuuona uwanja ule ukiwa umejaa na kutulia kwa wakati mmoja kiasi kile. Hatukwenda kucheka wala kucheza muziki. Tulikwenda kusikiliza hesabu, kiasi gani, akaunti gani, nani alitia saini. Wizi wa fedha za EPA, akaunti ya madeni ya nje, katika Benki Kuu, Sh133 bilioni, ukawa jambo la kuzungumzwa katika daladala. Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto nilisikia viongozi wakizungumzia masharti ya uongozi kana kwamba ni kitu ambacho mtu anaweza kudaiwa.

CHADEMA kilikuwa chama cha ajabu kwa mtu wa malezi yangu. Mwanzilishi wake, Edwin Mtei, alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu na baadaye waziri wa fedha aliyeachana na Mwalimu Nyerere kwa sababu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa; kwa siasa tulizofundishwa, hao walikuwa mabepari. Nilikwenda Ufipa, ule mtaa wa Kinondoni uliokuwa na makao makuu yao kabla hawajahamia Mikocheni, nikiwa sijali ubepari wao. Walikuwa wanasoma hesabu hadharani, na hilo lilinitosha. Mwaka 2010 Dk. Slaa alipata zaidi ya robo ya kura za urais, na hapa mjini CHADEMA ikachukua Ubungo na Kawe. Waliokuwa wakinicheka msikitini walianza kuniuliza kadi inapatikana wapi.

Kisha ikafika tarehe 28 Julai 2015. Lowassa, ambaye jina lake lilikuwa katika orodha ya Mwembe Yanga, alikuwa amekatwa na CCM Dodoma katika mchujo wa wagombea urais, na siku hiyo alipokewa rasmi CHADEMA ili agombee kwa niaba ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Nilitazama habari hizo katika televisheni ya kinyozi. Hakuna aliyezungumza kwa muda, kisha kijana aliyekuwa ananyolewa akasema kwamba sasa tunaingia Ikulu, na watu wakaanza kushangilia. Katika siku zilizofuata, watu walewale waliotufundisha kwa miaka minane kuuliza nani alitia saini walituambia kwamba mwenye ushahidi aende mahakamani. Profesa Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF, chama mshirika katika UKAWA, mwezi Agosti, na Dk. Slaa akatangaza kuachana na siasa za vyama mwanzoni mwa Septemba. Watetezi wa uamuzi ule walikuwa na hoja yao, tena hoja yenye nguvu: bila pesa, mtandao na umaarufu wake wasingeweza kuitikisa CCM, na kweli Lowassa alipata karibu asilimia 40, kiwango ambacho hakuna mpinzani wa urais wa Muungano aliyewahi kutangaziwa kabla yake.

Hoja hiyo naielewa, ila siwezi kuikubali, kwa sababu ndiyo hoja ya Zanzibar ya 1991. Wakati umebadilika, mambo ni magumu, waachieni viongozi wanajua wanachofanya. Si Mwembe Yanga wala kata zilizopiga hesabu pamoja na chama kwa miaka minane zilizoulizwa. Karatasi yangu ya urais mwaka ule niliitumbukiza ndani ya sanduku bila alama, baada ya kupiga ya ubunge na udiwani.

Yaliyofuata yaliharibu hata faraja ya kuwa na hasira na upande mmoja. Rais mpya, John Magufuli wa CCM, alianza kwa kutumbua majipu, yaani kuwatimua vigogo waliotuhumiwa, na nakiri kwamba kwa miezi michache nilimsikiliza kama nilivyomsikiliza Mwalimu Nyerere redioni. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya kisiasa ikapigwa marufuku, marufuku iliyokuja kuondolewa Januari 2023. Septemba 2017 Tundu Lissu, mbunge wa CHADEMA, akapigwa risasi nyingi mchana kweupe Dodoma. Februari 2018, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa Kinondoni, mwanafunzi Akwilina Akwilini aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala wakati polisi wakiwatawanya waandamanaji wa CHADEMA. Uchaguzi wenyewe uliitishwa kwa sababu mbunge aliyekuwa amechaguliwa kwa tiketi ya CUF alijiuzulu, akahamia CCM, na akasimamishwa tena kugombea kiti kilekile alichokiacha.

Huo ulikuwa msimu wa kuunga mkono juhudi za Rais, kama wahamaji walivyouita. Wabunge na madiwani wa upinzani walijiuzulu mmoja baada ya mwingine, wakavaa fulana ya rangi nyingine na kurudi kuomba kura kwa watu waliokwisha kuwapa. Diwani mmoja niliyempigia kampeni kwa miguu yangu alikuja kwenye mkutano wa mtaa baada ya kuhama, akatusalimu kwa adabu zote, akasema amefanya hivyo kwa ajili ya maendeleo ya kata. Mzee mmoja alisimama akamwuliza: "Mwanangu, kura yangu umeondoka nayo au umeniachia?" Diwani alicheka, akidhani ni utani. Machi 2019 Lowassa naye alirudi CCM, akapokewa palepale Lumumba, na kura zaidi ya milioni 6 alizopewa mwaka 2015 hazikupata hata barua ya kuagwa. Dk. Slaa wakati huo alikuwa balozi nchini Sweden kwa uteuzi wa Magufuli.

Sitaki mtu anisome kwamba nasema vyama hivi ni sawa. Havikuwa sawa na havijawa. Kimoja kina polisi, wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri waliokuwa wakisimamia uchaguzi na redio ya taifa. Kingine kimehesabu majeruhi na wafungwa. Mwaka 2020, katika uchaguzi ambao wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kabla ya kampeni, CHADEMA ilibaki na kiti kimoja cha jimbo, kisha wanachama wake 19 wakaapishwa kuwa wabunge wa viti maalum, chama kikasema hakikuwateua, kikawafukuza, nao wakaendelea kukaa bungeni. Mtu anayeweza kulitazama hilo na kulaumu pande mbili kwa kipimo kimoja hajui kupima. Lakini kumwonea mtu huruma na kumkabidhi imani yako ni mambo mawili tofauti. Siasa zetu zimegeuka kuwa Simba na Yanga, ambapo ukimkosoa mchezaji wa timu yako unaulizwa umelipwa na nani, na mimi ushabiki wa namna hiyo naufanyia mpira tu.

Januari 2025 nilikesha nikifuatilia uchaguzi wa ndani wa CHADEMA kutoka Mlimani City, Lissu akimshinda mwenyekiti wa miaka mingi, Freeman Mbowe, kwa kura 513 dhidi ya 482. Kura zilihesabiwa mbele ya kamera na aliyeshindwa akakubali, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika chama chochote kikubwa nilichokijua, na usiku ule nusura nirudi. Lakini kampeni za uchaguzi ule zilikuwa zimejaa shutuma za pesa baina ya watu walioongoza pamoja kwa miaka mingi, na haikupita nusu mwaka kundi la waliokuwa viongozi likahamia chama cha CHAUMMA. Aprili Lissu alishtakiwa kwa uhaini, na chama chake kikazuiwa kushiriki uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Agosti, waziri wa zamani Luhaga Mpina aliondoka CCM na ndani ya siku chache akawa mgombea urais wa ACT-Wazalendo, kabla hajaenguliwa. Ukiwa na jina, kila chama kina kiti chako. Ukiwa na kadi ya miaka kumi, simama mlangoni.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, kila mkazi wa jiji hili anaijua, na anajua yaliyofuata: intaneti kuzimwa, amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni, watu kuuawa, kisha CCM kutangaziwa ushindi wa urais wa karibu asilimia 98. Kuna misiba iliyowekwa mitaani kwetu ambayo waombolezaji wake walizungumza kwa kunong'ona. Sina la kuongeza juu ya hapo, ila kwamba asilimia ya namna ile niliizoea utotoni, wakati karatasi ya urais ilikuwa na jina moja, Ndiyo na Hapana.

Vijana wakishanisikiliza mpaka hapa huniuliza kwa nini basi nisisimame mwenyewe, hata udiwani tu. Jibu lake ni la kisheria. Nchi hii haimruhusu mtu kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda shauri la mgombea binafsi Mahakama Kuu mara mbili, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko palepale Arusha, ikaamua kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ililiweka jambo hilo ndani ya katiba mpya, katiba ambayo haikupatikana. Wala hakuna kinachomzuia mbunge kukihama chama chake leo, akapoteza kiti kwa mujibu wa katiba, na kukigombea tena kilekile kwa chama kingine baada ya wiki chache, kwa gharama za walipa kodi. Kwa hiyo aliye na chama anaweza kukiacha na kurudi atakavyo, na asiye na chama hana pa kuingilia. Chama kitakachoahidi kuyabadili mambo hayo mawili, na kuyaandika mahali ambapo mkutano wa viongozi peke yao hauwezi kuyafuta, nitakisikiliza, kiwe cha Lumumba au cha Mikocheni.

Kwa sasa nahudhuria mikutano ya mtaa wetu. Mwezi uliopita niliomba kusomewa mapato na matumizi ya ada ya taka, nikaambiwa mtendaji ameyaacha nyumbani, na wajumbe wawili wa vyama tofauti wakapigana vikumbo wakicheka. Nimeandika barua, nimebaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na mkutano ujao nitakwenda nayo.